Sauti za Lindi Katika Nta

Katikati ya mwaka 1906 meli ilimshusha Lindi mwanachuoni wa Kijerumani aitwaye Karl Weule, pamoja na masanduku yenye kamera, mashine ya kupigia filamu na fonografu. Alikuwa na umri wa miaka 42, mtumishi wa jumba la makumbusho la Leipzig na mwalimu katika chuo kikuu cha mji huo. Hakuwa mwanamuziki, wala kusini hakukuwa nia yake. Safari ilipangwa iende Kondoa-Irangi na nchi za jirani, ila machafuko ya huko kaskazini yakamgeuza. Kwa bahati hiyo nyimbo za Wayao, Wamakua na Wamakonde zikawa miongoni mwa za kwanza kunaswa kwa mashine katika Afrika Mashariki, na nyanda za nyuma ya Lindi zikapata ushahidi wa sauti ambao miji mingi mikubwa ya pwani haina.

Uzito wa ushahidi huo huonekana mtu anapoangalia kilichokuwapo kabla yake. Mtafiti wa muziki wa kale wa Ulaya hufungua hati ya karne ya 13 na kukuta alama za sauti zimeandikwa. Kazi yake ni kuzisoma. Anayetafuta muziki wa karne hiyohiyo wa Kilwa, mji wa kale wa pwani hiyo ya kusini, hukuta msikiti, kaburi, sarafu na vigae. Mwambao huu ulikuwa na maandishi kwa herufi za Kiarabu, lakini sauti ilirithishwa kwa kinywa na mkono: mpigaji kwa mwanafunzi wake, somo kwa mwari wake, nahodha kwa mabaharia wake. Kwa hiyo historia ya muziki wa Kilwa huanza na ala zilizosalia na maneno ya wageni waliopita.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mjenzi wa jumba la Husuni Kubwa. Alichokisimulia kuhusu Kilwa ni ucha Mungu wa watu wake na ukarimu wa mtawala; ngoma hakuzitaja. Lakini alipokuwa Mogadishu, katika safari hiyohiyo, alieleza jinsi sultani wa mji ule alivyotoka msikitini huku ngoma, tarumbeta na zumari zikipigwa mbele yake. Miji hii miwili ilikuwa na dini moja, biashara moja na adabu za ikulu zinazofanana, na Mogadishu ndiyo iliyotangulia katika biashara ya dhahabu kabla Kilwa haijaishika. Kuona kwamba sultani wa Kilwa naye alitembea kwa mlio wa ala ni hoja yenye msingi.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulikuja mwaka 1498. Vasco da Gama alikusudia kuingia Kilwa, lakini upepo na mkondo wa bahari vikampitisha, akaishia Mombasa na kisha Malindi. Huko mwandishi wa kumbukumbu za safari aliona pembe mbili za ndovu zilizochongwa kwa ustadi, ndefu sawa na mtu, zikipulizwa kupitia tundu la ubavuni, na mlio wake ukipatana na ule wa tarumbeta zilizokuwa pamoja nazo. Hiyo ni siwa, na hakuna Mswahili wa pwani atakayebabaika kuitambua. Siwa ya Pate, ya pembe za ndovu, yenye urefu wa karibu mita mbili, na ile ya Lamu, ya madini, zimehifadhiwa Lamu hadi leo. Unguja, Mwinyi Mkuu alikuwa na siwa na ngoma zake za enzi. Siwa ilipulizwa mtawala alipotawazwa na katika arusi za nyumba za kiungwana, na aliyekuwa na haki ya kuitoa alikuwa na sehemu ya dola mkononi mwake. Kumbukumbu ya 1498 ni ya thamani kwa neno moja hasa, lile la kupatana: msikilizaji mgeni alitambua kuwa ala hizo zilipangwa zilie kwa pamoja. Miaka saba baadaye, Julai 1505, kundi la meli za Francisco de Almeida liliiteka Kilwa yenyewe na kujenga ngome pale ambapo ngome iitwayo Gereza imesimama leo.

Kilwa ilitawala Sofala, na kupitia Sofala ilipata dhahabu ya bara. Basi habari iliyoandikwa Sofala ni sehemu ya habari za Kilwa, japo Wareno walikuwa wamekwisha kuutenga mji huo na bwana wake wa zamani. Padre João dos Santos, Mdominiko, alifika Sofala mwaka 1586, na kitabu chake kilichapwa Évora mwaka 1609. Ndani yake anaeleza muziki wa ikulu ya mtawala aliyeitwa Kiteve. Palikuwa na marimba ya vibao yenye vibuyu chini ya kila kibao, na ala nyingine ndogo ya vyuma tisa vinavyopigwa kwa vidole gumba. Maelezo yake ni ya mtu aliyekaa karibu akatazama mikono: aliona kucha ndefu za wapigaji, akasikia ulaini wa mlio, akaandika umbo la vibuyu. Kwa mtafiti wa muziki wa kale wa Afrika ya kusini-mashariki, kurasa hizo chache zina uzito wa hati nzima. Ala za aina hiyo hazikubaki Sofala. Mwaka 1616 Mreno Gaspar Bocarro alitembea kwa miguu kutoka Tete, kwenye mto Zambezi, hadi Kilwa, akipita njia ambazo wenyeji walikuwa wakizijua. Panapopita pembe za ndovu na vitambaa hupita pia nyimbo, ala na waimbaji.

Katika karne ya 19 njia hizo zilijaa watu. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya misafara ya Wayao kutoka Ziwa Nyasa, na Lindi na Mikindani zilikuwa na sehemu zao. Mizigo ilikuwa pembe na watu waliotekwa. Historia ya muziki wa kusini haiwezi kuandikwa bila kulikumbuka hilo: pembe iliyosafirishwa na pembe iliyopulizwa ikulu zilitoka bara ileile, na mara nyingi zilifika pwani mabegani mwa watu waliokuwa wakienda kuuzwa. Wapagazi huru nao walikuwa na nyimbo zao za kupokezana, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, hatua kwa hatua.

Weule aliikuta nchi ikiwa na majeraha mapya. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika milima ya Umatumbi nyuma ya Kilwa, na Kinjikitile, mganga wa Ngarambe, alinyongwa mwezi uliofuata. Vita vilishuka hadi wilaya ya Lindi, ambayo wakati huo ilijumuisha Masasi na Newala. Misheni ya Nyangao iliteketezwa. Baada ya risasi ikaja njaa, maana majeshi ya Kijerumani yalichoma vyakula na mashamba. Mwaka mmoja tu baada ya mwanzo wa vita, mzungu mwenye msafara na ruhusa ya serikali akawaomba watu hao waimbe mbele ya pembe ya bati. Kila sauti iliyomo katika nta ile inapaswa kusikilizwa kwa kukumbuka hali hiyo. Baadhi waliimba kwa hiari na furaha, wengine kwa sababu mtu wa serikali alikuwa ameomba, na mashine haikuwa na njia ya kutofautisha.

Kutoka Lindi alipanda hadi Masasi, akaenda Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Wayao, kisha akapanda uwanda wa Makonde hadi Newala na Mahuta, na kufika mto Ruvuma. Alifuata jando na unyago, akachora mipango ya vijiji, akanunua vyombo, akapiga filamu za ngoma. Masasi alikutana na mwimbaji kipofu aitwaye Sulila, ambaye picha yake ilichapwa katika kitabu chake. Nyapara wa wapagazi wake wa Kinyamwezi, Pesa Mbili, anaonekana tena na tena katika kurasa hizo, akiongoza msafara na nyimbo zake. Ni jambo la kushukuriwa kwamba majina hayo yapo. Makusanyo mengi ya wakati ule yana kabila, mahali na tarehe, na mwimbaji mwenyewe hana jina.

Miongoni mwa ala alizoziandika ni zeze, ngoma ya kusugua iliyoitwa natura, na mgoromondo, yaani marimba ambayo vibao vyake hulazwa bila kufungwa kwenye fremu. Umbo hilo ni tofauti na marimba ya vibuyu ya dos Santos. Wamakonde wana dimbila, na kusini zaidi, Malawi, kuna mangolongondo, jina ambalo kwa sikio tu linasogea karibu na mgoromondo wa Weule. Marimba ya aina hii hujengwa pale inapohitajika, mara nyingi shambani wakati wa kulinda mazao dhidi ya wanyama, na baada ya mchezo vibao hufungwa au hutupwa. Ala kama hiyo haiachi gofu. Bila maelezo ya Weule, na bila mikono iliyoendelea kuijenga, mchimbaji wa mambo ya kale asingeweza kusema kuwa ilikuwapo.

Silinda moja ya nta ilibeba muda wa dakika mbili au tatu tu. Ngoma ya usiku kucha ilibidi ikatwe kipande, na wapigaji wakae karibu na pembe ya mashine, jambo lililowapendelea waimbaji wawili watatu kuliko kundi kubwa. Ngoma nzito kama vumi na msondo hazikuingia vizuri. Sauti nyembamba na kali ziliingia. Nta yenyewe huchoka kila inapopigwa, na joto huilainisha. Ndiyo maana fonogramu za wasafiri zilipelekwa Berlin, ambako Carl Stumpf alikuwa ameanzisha hifadhi ya fonogramu mwaka 1900. Huko silinda ya asili iligeuzwa kalibu ya shaba, na kutokana na kalibu hiyo nakala mpya za nta ziliweza kumiminwa. Kazi hiyo kwa kawaida iliiharibu silinda ya kwanza. Kilichosalia ni umbo lake la ndani, lililogandishwa katika shaba.

Safari ya Lindi ndiyo iliyomjenga Weule. Mwaka 1908 alichapisha matokeo ya kitaalamu na kitabu cha wasomaji wa kawaida, ambacho Alice Werner alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1909. Werner mwenyewe baadaye alikuwa profesa wa Kiswahili London. Weule alishika uongozi wa jumba la makumbusho la Leipzig, na mwaka 1920 akapewa kiti cha uprofesa kamili wa etnolojia, cha kwanza katika Ujerumani. Alifariki mwaka 1926. Kitabu chake kina macho makali na bidii ya kweli, na pia kina kiburi cha mtawala; kuna kurasa ambazo msomaji wa Lindi hawezi kuzisoma bila uchungu. Maneno ya nyimbo alizoziandika yamebaki kuwa sehemu bora ya kazi yake, kwa kuwa hapo walionena ni wenyeji wenyewe.

Kugeuza sauti za nta kuwa elimu kulikuwa kazi ya watu wawili wa Berlin. Erich von Hornbostel, mzaliwa wa Vienna aliyesomea kemia, aliiongoza hifadhi ya fonogramu hadi mwaka 1933. Aliwataka wasafiri wapulize kipenga cha sauti maalumu mwanzoni mwa kila silinda, kwani bila sauti ya kupimia hakuna ajuaye kama mashine ilizunguka haraka au polepole, na wimbo wa mwanamke unaweza kugeuka wa mwanamume. Kisha alipima umbali kati ya sauti na sauti kwa kipimo cha senti, ambamo nusu toni ya kinanda ni senti 100. Mwaka 1909 alichapisha utafiti juu ya nyimbo za Wanyamwezi, watu walewale waliobeba mizigo ya misafara mpaka pwani ya kusini.

Mwenzake, Curt Sachs, alikuwa mwanahistoria wa muziki kwa maana kamili. Alizaliwa Berlin mwaka 1881, akasomea historia ya sanaa, akawa mkuu wa makusanyo ya ala ya serikali na profesa. Mwaka 1914 yeye na Hornbostel walitoa mpango wa kuzipanga ala zote za dunia kwa kuuliza swali moja: ni kitu gani kinachotetemeka? Ni mwili wa ala wenyewe, ngozi, uzi, au hewa. Kwa mpango huo siwa ya Pate inakaa pamoja na pembe zote zinazopulizwa ubavuni, popote zilipo, na mgoromondo unapata nafasi yake bila kuonekana kuwa kinanda ambacho hakijakamilika. Kabla ya hapo, ala za Afrika mara nyingi zilirundikwa kabatini kama vitu vya ajabu. Mpango huo bado unatumika katika makumbusho ya leo.

Utawala wa Nazi uliwafukuza wote wawili mwaka 1933 kwa sababu ya asili yao ya Kiyahudi. Hornbostel alikwenda New York, kisha Cambridge, akafa mwaka 1935. Sachs alikimbilia Paris, ambako aliongoza mfululizo wa santuri za muziki wa kale wa Ulaya, halafu New York, ambako alifundisha chuo kikuu na kuandika historia ya ala za muziki iliyotoka mwaka 1940. Mwaka 1938 alikuwa ametoa kitabu juu ya ala za Madagaska, kisiwa ambacho majahazi ya Kilwa yalikijua vizuri. Mtu huyuhuyu alishughulikia nyimbo za kanisa za zama za kati na marimba ya Bahari ya Hindi, na kwake hayo mawili yalikuwa elimu moja.

Baada yao ulizuka mjadala uliougusa mwambao huu moja kwa moja. A. M. Jones, mmisionari aliyekaa Rhodesia ya Kaskazini na baadaye kufundisha London, alidai mwaka 1964 kwamba marimba ya Afrika yalitoka Indonesia, akitegemea ulinganifu wa vipimo vya sauti. Wanaoishi kwenye pwani ya pepo za kusi na kaskazi hawawezi kuidharau fikra ya muziki kuvuka bahari. Hata hivyo watafiti wengi hawakukubaliana naye, na sababu zao zina nguvu: marimba yamejaa zaidi bara na magharibi mwa Afrika kuliko kwenye bandari, na ala ya vibao vilivyolazwa haihitaji fundi kutoka ng'ambo.

Gerhard Kubik, aliyezaliwa Vienna mwaka 1934, alirudi kwenye njia ya Weule kwa mtindo mwingine. Tangu mwaka 1959 alisafiri Afrika, mara nyingi kwa gharama ndogo, akajifunza kupiga ala mwenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alirekodi muziki kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Mikono yake ilimfundisha kitu ambacho kipimo cha senti hakikuweza kusema: wapigaji wawili wa marimba hupishanisha mapigo, na wimbo unaosikika haupigwi na yeyote kati yao peke yake. Mwaka 1982 kitabu chake juu ya Afrika Mashariki kilichapwa Leipzig katika mfululizo wa historia ya muziki kwa picha. Mmoja wa waasisi wa mfululizo huo alikuwa Heinrich Besseler, profesa wa Leipzig na bingwa wa muziki wa Ulaya wa zama za kati. Hivyo, katika mji ambako vyombo vya Weule vimewekwa, ngoma za Afrika Mashariki zilipangwa rafu moja na muziki wa Misri ya kale, Ugiriki na makanisa ya Ulaya, zikiitwa historia.

Dar es Salaam kazi ilianza na wanahistoria. Terence Ranger, aliyefundisha huko miaka ya 1960, alitoa mwaka 1975 kitabu juu ya beni, ngoma ya bendi iliyotoka miji ya pwani na kuenea Tanganyika nzima kwa mashindano ya vikundi vya Marini na Arinoti. Gilbert Gwassa alizunguka Umatumbi na Kilwa akiwasikiliza wazee wa Maji Maji, na kutokana nao akaandika juu ya likinda, mazoezi ya kivita ya Ngarambe. Wazee hao walikuwa vijana Weule alipopita na mashine yake.

Ebrahim Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943 katika pwani hii ya kusini, aliandika tamthilia ya Kinjeketile iliyochapwa mwaka 1969. Kisha alikwenda Berlin Mashariki na kupata shahada ya udaktari mwaka 1975 kwa utafiti juu ya maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki, na akawa profesa Dar es Salaam. Miaka hiyohiyo hifadhi ya fonogramu ilikuwa katika nusu hiyo ya mji. Wakati wa vita kuu ya pili silinda zilifichwa, majeshi ya Kisovieti yakazichukua hadi Leningrad, na mwishoni mwa miaka ya 1950 zikarejeshwa Berlin Mashariki. Mtoto wa kusini aliyevirudisha vita vya Maji Maji jukwaani na sauti za kusini zilizonaswa vita hivyo vikiwa havijapoa zilikaa mji mmoja kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1991, baada ya Ujerumani kuungana, hifadhi ilirudishwa katika jumba la makumbusho la Dahlem, upande wa magharibi wa mji. Mwaka 1999 UNESCO iliiandika katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Tangu hapo mafundi wamekuwa wakimimina nta mpya katika kalibu za shaba, wakiipiga mara chache kadiri iwezekanavyo, na kuihamishia sauti kwenye kompyuta. Katika mkwaruzo wa nta kwanza husikika sauti ya kipenga, pale msafiri alipokumbuka kukipuliza, halafu mwanzishi hutoa mstari wake na kundi huitikia, kwa dakika mbili au tatu, mpaka nta inapokwisha.